Siku Zilizohesabiwa Vibaya



Katika kikao kimoja cha vijana wa parokia tuliweka sanduku dogo la mbao karibu na mlango, ili kila mwenye swali ambalo aliona haya kulitamka aliandike na kulitumbukiza humo bila jina. Tulitazamia maswali juu ya sala, miito, na ugomvi na wazazi. Yalikuwamo. Lakini karatasi moja, iliyokunjwa mara nne, ilitushika mioyo. Mwenye kuiandika alikuwa amelala na rafiki yake wa kiume siku mbili baada ya kumaliza hedhi. Rafiki huyo alikuwa amemhakikishia kwamba siku zinazofuata hedhi hazina hatari, kwa kuwa mimba hushikwa katikati ya mwezi. Sasa hedhi imechelewa, na msichana anauliza jambo moja tu: je, yule aliyemwambia alijua hesabu?

Hatukutaka kumjibu haraka haraka. Kuhusu usafi wa moyo na wa mwili tumekwisha kuandika mara nyingi katika ukurasa huu, na tutaandika tena. Leo tunaandika juu ya ujuzi, maana aliyeuliza aliulizia ujuzi. Na tulipoanza kutafuta tuligundua kwamba swali lake ni la kale mno, na kwamba watu wenye elimu kubwa kuliko rafiki yake, waganga wa wafalme na maprofesa wa vyuo vikuu, walilijibu kwa makosa, tena kwa sauti ya uhakika.

Katika karne ya 2, mganga Soranus wa Efeso, aliyefanya kazi Roma, alifundisha kwamba wakati unaofaa zaidi kwa mimba ni pale hedhi inapokaribia kwisha. Alifikiri kama mkulima: shamba likikwisha kusafishwa, mbegu hushika. Fundisho hilo lilienea pote. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, alilikuta kwa Wamanikeo, ambao alikaa nao kwa miaka kama 9 kabla ya kubatizwa. Katika kitabu alichoandika dhidi yao mwaka 388 aliwakumbusha jinsi walivyokuwa wakiwashauri watu kuchunguza siku zinazofuata utakaso wa mwanamke na kujizuia siku hizo, ili roho isifungwe katika mwili. Tusisahau pia kwamba Augustino mwenyewe alikuwa baba akiwa kijana wa miaka kama 18. Mwanawe Adeodatus hakuwa ametarajiwa, na katika Maungamo yake mtakatifu huyo hafichi kwamba watoto wa namna hiyo huzaliwa bila kutakwa na wazazi wao, ingawa wakisha kuzaliwa hutulazimisha kuwapenda. Aliyeandika karatasi ile, basi, hayuko peke yake, hata miongoni mwa watakatifu.

Kwa nini watu walichelewa kujua? Kwa sababu yai la mwanamke halionekani upesi. Katika karne ya 17 William Harvey, mganga wa mfalme Charles I wa Uingereza, alipewa ruhusa ya kupasua paa jike wa mfalme katika majira yao ya kupandana. Alitafuta ndani ya mji wa mimba wiki baada ya wiki asione kitu, wala mbegu wala yai, na mwaka 1651 akachapisha kitabu kikubwa ambacho kwa sehemu kubwa ni habari ya mshangao wake. Mholanzi Reinier de Graaf alieleza mwaka 1672 vifuko vidogo vilivyomo katika ovari, akadhani kwamba ndivyo mayai. Miaka mitano baadaye mwenzake wa nchi ile ile, Antoni van Leeuwenhoek, muuza vitambaa aliyejitengenezea lenzi, akaziona mbegu za kiume zikiogelea. Yai lenyewe lilingoja hadi mwaka 1827, pale Karl Ernst von Baer alipolikuta ndani ya kifuko cha ovari ya mbwa. Lile la binadamu lina upana wa sehemu ya kumi ya milimita, kama nukta iliyotiwa na kalamu iliyochongwa vizuri.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipoanza, na ni mbwa aliyeleta kosa hilo. Mbwa jike hutokwa na damu anapokaribia kupandwa, na mayai yake hutoka muda mfupi baada ya damu hiyo. Mwaka 1843 mwanasayansi wa Ujerumani Theodor Bischoff alionyesha kwamba mayai ya wanyama hutoka yenyewe kwa wakati wake, hata pasipo dume. Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa hatua kubwa. Lakini yeye na wengi waliomfuata wakalinganisha damu ya mbwa na hedhi ya mwanamke, kana kwamba ni kitu kimoja. Wakahitimisha kwamba yai la mwanamke hutoka wakati wa hedhi au karibu nayo, na kwamba siku za katikati ya mwezi ni siku tasa. Mfaransa Félix-Archimède Pouchet, aliyeandika mwaka 1847, naye aliweka mimba katika siku za mwanzo baada ya hedhi, na zile za baadaye akaziona salama.

Fikirini yaliyofuata. Mwaka 1853 Askofu wa Amiens nchini Ufaransa aliliuliza baraza la Roma liitwalo Penitensieria juu ya wanandoa waliokuwa wakikutana katika siku zile tu ambazo waganga walisema hazileti mimba. Roma ikajibu kwamba watu hao wasisumbuliwe, mradi hawafanyi lolote la kuzuia mimba katika tendo lenyewe. Mwaka 1880 swali likaulizwa tena, jibu likawa karibu lile lile. Basi kuanzia hapo wanandoa waaminifu, kwa dhamiri iliyotulia, waliweza kufuata kalenda ya waganga. Na kalenda hiyo ilikuwa ikiwaelekeza kwenye siku zile zile ambazo tumbo liko tayari zaidi! Ni akina mama wangapi waliobeba mimba ya saba au ya tisa wakijilaumu kwamba walihesabu vibaya, hali walihesabu sawasawa kwa kitabu kilichokosea? Hakuna aliyewaandika.

Ukweli ulitokea mbali na vyuo vikuu vya Ulaya. Katika mji wa Niigata nchini Japani, daktari wa hospitali aitwaye Ogino Kyusaku alikuwa akiwapasua wagonjwa wake wa tumbo kwa sababu mbalimbali. Kila alipofungua tumbo aliitazama ovari, akaona kama yai limekwisha kutoka au bado, kisha akangoja na kuandika siku ambayo hedhi ya mgonjwa ilifuata. Mwaka 1924 akatoa matokeo yake: tusihesabu kutoka hedhi iliyopita, tuhesabu kurudi nyuma kutoka hedhi ijayo. Yai hutoka kati ya siku ya 16 na ya 12 kabla ya hedhi hiyo. Huko Austria, Hermann Knaus alifikia jambo linalofanana na hilo kwa njia yake mwenyewe, akalitangaza mwaka 1928. Ogino akachapisha kwa Kijerumani mwaka 1930, na majina yao mawili yakaunganishwa. Wazee wetu waliosoma kwa masista wanalijua jina la Ogino hadi leo, na wengine hutaja kwa kicheko watoto waliozaliwa kwa hesabu yake.

Ogino mwenyewe hakukichekea kicheko hicho. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuwasaidia wanawake waliotamani mtoto, na hakupenda kuona hesabu yake ikitumiwa kama ngao, maana aliujua udhaifu wake. Udhaifu huo tunaomba mwushike vizuri. Hedhi ijayo haijafika bado. Anayehesabu kurudi nyuma kutoka siku isiyofika anahesabu kutoka siku anayoikisia tu, kwa kuitazama miezi iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28 kamili yai lake hutoka kati ya siku ya 13 na ya 17, tukihesabu siku ya kwanza ya damu kuwa 1. Ndiyo maana watu husema siku ya 14, na wengi wenu mmeiandika katika madaftari ya biolojia. Lakini mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka kati ya siku ya 20 na ya 24, na mwenye mzunguko wa siku 24 hulitoa kati ya siku ya 9 na ya 13. Mbegu za kiume zaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5 zikilingojea. Ondoeni 5 katika 9: mwenye mzunguko mfupi anaweza kushika mimba kwa tendo la siku ya 4, ilhali damu haijakauka.

Hapo rafiki wa yule msichana alijikwaa. Alichukua nusu ya fundisho la Ogino, ile ya katikati ya mwezi, akaiacha nusu iliyo ngumu. Kama damu ya msichana ilidumu siku 5, siku mbili baada yake ni siku ya 7. Mbegu zikiishi siku 5 zinafika siku ya 12. Kwa msichana ambaye mzunguko wake ni mfupi, au kwa mwezi mmoja tu uliofupika, hesabu inatosha kabisa.

Tena mzunguko wa wasichana wadogo haujatulia. Katika miaka ya kwanza baada ya kuvunja ungo, mwezi mmoja waweza kuwa wa siku 23 na unaofuata wa siku 40, bila ugonjwa wowote. Homa, njaa, safari, hofu, kukimbia vita na kulala chini ya turubai: yote hayo yaweza kulichelewesha yai. Sisi wa pande hizi tunajua miaka ambayo hakuna mwezi uliopita bila mojawapo.

Kanisa lilifuata habari hizi kwa makini. Mdaktari Mkatoliki wa Uholanzi, Jan Smulders, alizieneza kwa waamini. Huko Chicago Leo Latz alichapisha mwaka 1932 kitabu kilichoisambaza hesabu ya Ogino katika familia nyingi. Tarehe 29 Oktoba 1951 Papa Pius XII alizungumza na wakunga wa Italia, akakubali wazi kwamba wanandoa wenye sababu nzito waweza kuzifuata siku zisizo na rutuba. Mwezi uliofuata alitamka tumaini kwamba sayansi itaipa njia hiyo msingi ulio imara vya kutosha. Neno hilo lina unyofu ndani yake: Papa alijua kwamba msingi bado haujaimarika.

Waliojaribu kuuimarisha waliacha kutabiri, wakaanza kutazama. Padri wa parokia huko Ujerumani, Wilhelm Hillebrand, alitumia kipimajoto, kwa kuwa joto la mwili hupanda kidogo baada ya yai kutoka. Mjini Melbourne, mwaka 1953, Padri Maurice Catarinich alimwomba daktari John Billings msaada kwa ajili ya wanandoa aliokuwa akiwaongoza. Billings, na baadaye mke wake Evelyn, daktari pia, waliwauliza wanawake wanachokiona na kukihisi wao wenyewe, wakajifunza kwamba siku za rutuba zinapokaribia ute wa ukeni hubadilika, ukawa mwepesi, unaong'aa na kuteleza kama ute wa yai bichi. Katika miaka ya 1970 Shirika la Afya Ulimwenguni lililijaribu jambo hilo katika miji mitano ya nchi mbalimbali, na wanawake zaidi ya 9 katika kila 10 waliutambua ute huo mapema, wakiwemo wengi wasiojua kusoma. Njia hizi hudai mafunzo, uvumilivu na maelewano ya watu wawili wanaoishi pamoja. Hazikutengenezwa kwa ajili ya kukutana kwa siri nyuma ya shule, na anayezinong'ona huko hajui anachokinong'ona.

Hata Kivu yetu ina ukurasa wake katika historia hii. Bibi zetu walijua kwamba mama anayenyonyesha hashiki mimba upesi. Katika miaka ya 1970 daktari P. Delvoye na wenzake walipima damu ya akina mama wa Kivu waliokuwa wakinyonyesha, wakaona kwamba anayempa mtoto ziwa mara nyingi kwa siku hubaki na kiwango kikubwa cha homoni iitwayo prolaktini, na hedhi yake hukawia kurudi. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, wakaweka masharti: mtoto asiwe amepita miezi 6, anyonye ziwa tu au karibu ziwa tu, na hedhi isiwe imerudi. Sharti moja likivunjika, ulinzi unapungua, na yai la kwanza laweza kutoka kabla ya damu ya kwanza. Mama kijana asemaye kwamba hawezi kushika kwa kuwa bado hajauona mwezi, amekosa sehemu hiyo ya mwisho.

Jibu lililo wazi kuliko yote lilikuja mwaka 1995 tu. Allen Wilcox na wenzake walifuata wanawake 221 huko North Carolina, Marekani, waliotaka kupata mtoto, wakipima mkojo wao kila siku. Mimba zote zilitokana na siku 6: siku 5 kabla ya yai kutoka na siku ile ya kutoka. Uwezekano ulikuwa kama 10 kwa 100 mwanzoni mwa siku hizo, ukapanda hadi 33 kwa 100 mwishoni. Mwaka 2000 wakaongeza kwamba ni kama wanawake 30 tu katika kila 100 ambao siku zao zote za rutuba zinaangukia kati ya siku ya 10 na ya 17, zile ambazo vitabu vinazitaja.

Itazameni tena ile 33. Maana yake, hata katika siku iliyo mbaya kuliko zote kwa asiyetaka mimba, mara mbili katika kila tatu hakuna kinachotokea. Bahati hiyo ni mwalimu mwongo. Kijana aliyepona mara ya kwanza husema hesabu yake ni sahihi. Aliyepona kwa kuruka ruka, kwa kujiosha na maji ya chumvi au ndimu, kwa kunywa soda yenye vidonge ndani, husema dawa yake ni nzuri na kumfundisha jirani. Mbegu huingia katika ute wa mlango wa mji wa mimba kwa dakika chache, kabla hata ndoo ya maji haijafika. Wala mwili hauulizi kama ni mara ya kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo linatuhusu sisi Wakongo kwa uchungu. Baada ya uhuru wa 1960, katika ghasia zilizofuata, masista walibakwa. Mwaka 1961 gazeti la Studi Cattolici la Roma liliwauliza wanateolojia watatu, Pietro Palazzini, Franz Hürth na Ferdinando Lambruschini, kama mtawa aliye katika hatari hiyo aweza kutumia dawa mpya inayolizuia yai lisitoke. Kila mmoja kwa hoja zake alijibu kwamba inaruhusiwa. Mwaka 2013 maaskofu wa Ujerumani walikubali kwamba katika hospitali za Kikatoliki mwanamke aliyebakwa apewe dawa ya kuzuia mimba isishikwe, mradi kazi yake si kuitoa iliyokwisha kuwako. Tunawaambia haya kwa kuwa muda ni mfupi. Aliyelazimishwa aende kituo cha afya siku ile ile. Dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI hufaa ikianzwa kabla ya saa 72 kwisha, na ile ya kulichelewesha yai hufaa zaidi ikitolewa mapema, isizidi siku 5. Aende hata kama hajui jina la aliyemtenda, hata kama hajawaambia wa nyumbani. Hana dhambi ya kuungama katika hilo.

Tumrudie basi aliyetuandikia. Zamani angengoja tumbo lionekane. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, mjini Berlin, walidunga mkojo wa wanawake katika panya. Kisha Afrika Kusini, kutokana na uchunguzi ulioanzwa na Lancelot Hogben huko Cape Town, ikatoa chura wake wa majini, ambaye hutaga mayai kabla ya siku moja kupita akidungwa mkojo wa mwenye mimba. Chura huyo alisafirishwa akiwa hai hadi hospitali za Ulaya na Marekani kwa miongo mitatu. Leo kijiti cha karatasi kinachouzwa farmasi kinaitafuta homoni ile ile. Homoni hiyo haiwi katika mkojo siku inayofuata tendo. Huanza baada ya mimba kujishikiza katika mji wa mimba, jambo linalochukua siku 6 hadi 12 tangu yai lilipotoka. Kwa hiyo anayepima mapema mno hudanganyika na kupumua bure. Apime hedhi ikiwa imechelewa, au, kama mwezi wake hauna mpango, wiki 3 baada ya tendo. Kikionyesha hakuna na hedhi bado haiji, arudie baada ya wiki moja.

Dada mpenzi, hedhi yako imekwisha kuchelewa. Kipimo kitakuambia ukweli sasa. Hapana, aliyekuambia hakujua hesabu, na usimchukulie kuwa mwongo mkubwa kuliko Bischoff. Lakini naye ana sehemu yake katika jibu lolote litakalotoka, na tungependa aje pamoja nawe. Mmoja wetu ni mkunga. Kila Jumapili baada ya misa ya pili hukaa katika chumba cha katekesi, kile chenye mlango wa nyuma, na hatamwita mzazi wala katekista pasipo ruhusa yako. Kikionyesha kuna mimba, atakusindikiza mwenyewe kliniki ya wajawazito Jumanne, na siku ya kuzungumza na mama yako mtaichagua pamoja.